Gari la moshi la kale likipita, nani aruhusiwe kulikimbiza na kamera?

Assalaam alaykum, wana baraza. Naleta hoja ambayo kwa mtu wa Unguja itaonekana ya mbali, maana kisiwani kwetu hakuna treni. Lakini tangu nirudi safari, kila nikiitaja kahawani linazuka zogo, vikombe vinapoa na wacheza bao wanaacha bao. Nimeona niimwage hapa, kila mtu atie lake.

Nilikwenda Uingereza kumtazama dada yangu. Mwanawe ana miaka ishirini na tatu, kutwa yuko dukani akiuza viatu, lakini roho yake iko kwenye magari ya moshi. Huko vichwa vya moshi viliondolewa kazini kwenye reli kuu Agosti 1968. Miaka mitatu baadaye vikaanza kuruhusiwa tena, ila kwa safari maalumu tu: kichwa cha kale kilichofufuliwa kwa michango na jasho la watu wa kujitolea kinafungiwa mabehewa, abiria wanakata tiketi ya bei kubwa, na safari ni ya siku nzima juu ya reli ileile ya treni za kila siku. Sasa wako watu ambao hawapandi. Wanaifuata kwa gari, daraja hadi daraja, waipige video.

Alfajiri moja akanigongea mlango. "Mjomba, vaa makoti mawili, leo tunalikimbiza."

Daraja la kwanza tulikuta watu kama thelathini wamekwishajipanga, wazee kwa vijana, stendi za kamera zimesimama kama miguu ya korongo. Nikaamkia kwa sauti, wakanitazama kwa ukali. Kumbe pale hakusemwi. Nusu ya video ni sauti, na mtu akikohoa gari likipita amewaharibia wote. Likaja. Nisiwafiche, nililia. Si moshi uliotoka, ni wingu zima jeupe, maana baridi huugeuza mvuke kuwa matone madogo hewani (mpwa wangu anasema kwa joto letu la Unguja usingeuona hivyo, ungepotea pale pale juu ya bomba). Ule mpigo wake, tu-tu-tu-tu, unaupokea kwa kifua kabla ya sikio.

Lilipopita tu, wale wazee waliokuwa wametulia kama wako msikitini wakatimua mbio kwenye magari.

Nikauliza, treni utaipataje kwa gari? Akanieleza. Kikubwa khasa huruhusiwa maili 75 kwa saa, kama kilomita 120, na vingi chini ya hapo. Tena kichwa cha moshi kina kiu. Mabomba ya maji ya stesheni yaling'olewa zamani, kwa hiyo njiani kinasimama, linakuja lori la maji, kinajazwa taratibu. Hapo ndipo wakimbizaji wanapolipita. Wanazijua njia za mashamba, kila kona.

Kati ya daraja la pili na la tatu, kwenye kinjia chembamba chenye ua wa miti pande zote, tulikuta mzee juu ya baiskeli. Mpwa wangu alikuwa ameshika usukani kwa mkono mmoja, wa pili unasogeza simu iliyobandikwa kiooni. Yule mzee akajitupa kwenye miiba. Tulisimama. Nilishuka nikamwinua, mikono yake inatetemeka, hakunitukana wala hakunishukuru. Mpwa wangu alishuka pia, ila nilimwona anaiba jicho saa yake.

Na daraja la tatu tulifika kwa wakati, tukategesha kamera, gari la moshi likatokea, na palepale treni ya abiria wa kawaida ikapita njia ya mbele ikaziba kila kitu. Video nzima ni madirisha ya treni ya umeme. Nilicheka mpaka akanuna.

Msimamo wangu ni huu. Kupiga video sawa, hata kwa yule asiyelipa senti. Kukimbiza kwa gari marufuku. Chagua daraja moja, fika mapema, ngoja, likishapita uende zako. Wako wanaosema dawa ni kutotangaza saa za safari. Mimi hilo silipendi, maana linawanyima na watoto wanaopunga mkono dirishani mwao. Na wako wanaosema nazidisha, kwamba hatari ni reli, si barabara. Wana hoja. Februari 2016 kichwa maarufu cha huko, Flying Scotsman cha mwaka 1923, kilirudi kazini kwa safari ya London kwenda York, na watu waliingia relini na kamera hadi treni ikabidi isimamishwe njiani. Juni 2024 Mexico, kichwa cha Kikanada nambari 2816 kilichotoka Calgary kilipita Hidalgo, mama mmoja akapiga goti karibu mno na reli ajipige picha. Kikamgonga kichwani, akafa. Treni ni pana kuliko reli zake. Vyuma vya ubavuni vinatoka nje, na mtu anapima kwa reli.

Na sisi, mnasema, yanatuhusu nini? Tulikuwa nayo. Sultani wetu, Sayyid Barghash, alijenga reli yake ya Chukwani, kwanza mabehewa yakivutwa na nyumbu, kisha akaagiza injini Uingereza. Alipofariki 1888 ikang'olewa. Kisha Wamarekani wakajenga ya pili mwaka 1905, kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu, maili saba. Nayo ikaliwa na magari ya barabarani. Picha zake mgando tumeziona, lakini sauti yake mimi sijapata kuisikia. Ndiyo maana siwezi kumwambia kijana yeyote aweke kamera chini.

Karibuni. Msinionee haya.

Kutoka Bububu

Wa alaykumu s-salaam. Umegusa kwetu. Mimi nimekulia Bububu, na kuna ugomvi ambao hautakwisha: jina letu limetoka wapi? Wako wanaosema ni mlio wa lile gari la moshi, bu-bu-bu. Wako wanaosema ni chemchemi, maji yanavyobubujika. Bibi yangu alikuwa upande wa maji, babu upande wa gari, wakaishi miaka arubaini nyumba moja bila kupatana. Angekuwepo kijana mmoja wakati ule na kinasa sauti, akilikimbiza hata kwa punda, leo tungeweka sauti hiyo tukasikiliza wenyewe. Mpwa wako mwachie.

Kutoka Wete

Sisi Pemba treni hatujapata kuwa nayo, lakini tunao mchezo wa ng'ombe, na naona mambo ni yaleyale. Zamani mtu alikuwa juu ya mwembe au nyuma ya watu. Sasa kila mmoja ana simu, na simu humdanganya mtu. Ng'ombe kwenye kioo anaonekana mdogo na yuko mbali, kumbe pembe iko kwapani mwako. Nimeona kijana akichezewa hivyo, aliokolewa na suruali iliyochanika. Yule mama wa Mexico, Mungu amrehemu, nadhani aliiona treni kwenye kioo tu.

Kwa hiyo mimi silaumu gari. Nalaumu kioo. Marekani kampuni ya Union Pacific inalo lile dude Big Boy nambari 4014, la mwaka 1941, pamoja na behewa lake la maji na mafuta ni zaidi ya tani mia tano, limerudi njiani 2019. Wanawaambia watu wasimame futi 25 kutoka kwenye reli. Futi 25 ni hatua kumi tu, na bado watu wanabishana nazo.

Kutoka Makunduchi

Naona hapa mnazungumza kana kwamba kwenye picha kuna chuma peke yake. Mle ndani mna dereva na mtia makaa. Mtu anachota makaa kwa koleo siku nzima, uso umejaa masizi, jasho linamtoka, na kila daraja kuna watu thelathini wanamvuta kwa lenzi. Kaulizwa?

Sisi tunajua. Kila Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya, wanaume wakipigana kwa vigomba wageni wanakuja na kamera, wanaingia hadi katikati ya wanawake wanaoimba, wanaondoka, kisha unajiona mtandaoni mdomo uko wazi. Hatuwafukuzi, ni wageni. Lakini wapo wanaoomba ruhusa na wapo wasioomba, na tofauti yao unaijua kabla hajafika karibu. Mleta hoja kazungumzia barabara na reli, na huyo mtia makaa hajatajwa na mtu.

Kutoka kwa Mzanzibari aliye Uingereza

Nipo huku miaka mingi, napanda treni kwenda kazini saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ndugu zangu, mtu mmoja akishuka relini na kamera haisimami ile treni ya moshi peke yake. Zinasimama zote nyuma yake. Kuingia relini ni kosa, faini yake hufika pauni 1,000. Na kelele za kichwa cha moshi zinaficha treni nyingine inayokuja upande wa pili. Macho yote yako kulia, kifo kinatoka kushoto.

Halafu pesa. Matengenezo ya Flying Scotsman yaliyomalizika 2016 yalipita pauni milioni nne. Boila la kichwa kama hicho lazima lifunguliwe na kutengenezwa upya kila baada ya miaka kumi hivi. Analipa nani? Aliyekaa ndani na kikombe cha chai. Yule wa darajani anapata raha bure, kisha anaweka video mtandaoni anapata na matangazo. Kwetu tungemwita mdoeaji wa karamu.

Jibu kwa wa Uingereza, kutoka Mwembetanga

Mdoeaji wa karamu ndiye anayewaambia watu chakula kilikuwa kitamu. Hao wa kujitolea wanaofunga na kufungua nati mwisho wa wiki walitoka wapi, kama si pale darajani walipokuwa wadogo? Mwenye tiketi anakwenda mara moja na mkewe siku ya kuzaliwa, akirudi kasahau hata nambari ya kichwa.

Kutoka Fuoni

Mtakasirika, lakini naona mnalia juu ya kitu kilichowalilisha wengine. Reli ya Mombasa hadi Kisumu, 1896 hadi 1901, iliwala vibarua wa Kihindi kama elfu mbili na mia tano. Leo kichwa kikipulizwa tunasema "uzuri ulioje". Mimi sikatazi picha. Nasema atakayepiga video aandike chini yake na hayo pia.

Halafu kwa mleta hoja: tukijenga upya treni ya Bububu kwa ajili ya watalii, kama baadhi ya watu wanavyoota, ni nani ataizuia isikimbizwe? Vespa zote za mjini zitakuwa Barabara ya Bububu, kila moja na watu watatu, wa nyuma ndiye mpiga video. Na daladala inasimama popote inapotaka. Mtahitaji futi 25 kila upande, na mji wetu hauna futi tano.

Mleta hoja narudi

Nimesoma yote, shukrani. Wa Makunduchi amenishika pabaya. Yule mtia makaa nilimpungia mkono, akanipungia, nikadhani tumeshasikizana. Na kweli sikumwuliza.

Wa Wete, nakubali kioo, lakini yule mzee wa baiskeli hakuangushwa na kioo. Aliangushwa na haraka. Mtu anaposimama mahali pamoja, hata akiwa na simu kumi, haraka haimshiki. Anapoanza kuhesabu dakika za kujazwa maji na maili zilizobaki hadi daraja linalofuata, kila kilicho njiani kinageuka kizuizi, awe ng'ombe, mtoto wa skuli, au baba wa mtu. Nililiona hilo usoni mwa kijana niliyembeba mgongoni akiwa mdogo.

Wa Fuoni, historia hiyo iandikwe, sina ubishi. Na tungo zako za Vespa nimezicheka, kisha nikaacha kucheka.

Wa Uingereza na wa Mwembetanga nyinyi malizaneni. Mimi jana nilimpigia mpwa wangu simu, nikamsomea msimamo wangu wote: daraja moja, fika mapema, ngoja, likipita nenda zako. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mjomba, daraja moja kwa siku nzima? Si bora nikate tiketi tu."