Vidole vya mtawa wa El Greco: nivifupishe au niviache?

Fundi wa Gizenga
Assalamu alaykum. Nnachora picha za kuuza hapa Mtaa wa Gizenga, milango na majahazi. Mteja kaniletea karatasi iliyochapwa, anataka niinakili kwa rangi ya mafuta: mtawa Hortensio Félix Paravicino, El Greco kamchora 1609, yenyewe iko makumbusho ya Boston. Kakaa kitini, kanzu nyeupe, joho jeusi, kifuani msalaba mwekundu na buluu, mkono wa kushoto vitabu viwili. Uso umenishika. Anakutazama lakini yuko mbali, kama babu yangu alivyokuwa akifunga kitabu baada ya darsa ya alasiri, sisi wajukuu tusijue tumwite au tumwache.

Shida ni vidole. Nimevipima kwa rula, vimezidi vya binaadamu. Mara mbili nimevifupisha, mara zote mbili uso ukafa. Jirani yangu anasema mchoraji alikuwa na maradhi ya macho. Kweli?

Maalim Mstaafu, Wete
Wa alaykumu ssalaam mwanangu. La macho liache. Mtu anayeona vitu virefu, hata turubai yake ataiona ndefu. Akishachora, kosa linajifuta lenyewe. Huyu alikusudia. Kazaliwa Krete, kisiwa cha Ugiriki, 1541, jina lake Doménikos Theotokópoulos. Wahispania walimwita El Greco, yaani Mgiriki, basi. Alianzia picha takatifu za kwao, ambako mtakatifu hapimwi kwa mwili wake. Akapita Venice na Rome, wakati ule wa mtindo wa Manerizimu, wachoraji wakirefusha shingo na vidole kwa kutaka madaha. Toledo, mji wa Hispania, kafika 1577, akafia huko 1614. Na Paravicino mwenyewe, mshairi na mhubiri, aliitungia shairi la sifa picha hiyo hiyo. Hakuona kaharibiwa mikono! Virejeshe.

Mpaka Rangi Darajani
Kaka, na kanzu usiipake nyeupe ya kopo. El Greco alitangulia na rangi ya udongo, kahawia inayoelekea wekundu, ndipo akaweka kijivu na nyeupe juu. Ukianza na turubai jeupe, nguo itakuwa kama karatasi.

Fundi wa Gizenga
Ahsante Maalim, shikamoo. Ahsante kaka. Nimevirejesha baada ya magharibi. Ule mkono wa kulia, uliolegea juu ya kiti, ndio unaosema kuwa anafikiri. Mimi nilikuwa nikiutafuta usoni tu. Kanzu ntaianza upya kesho, kwa udongo. Mteja ntamwomba anisubiri.