Revox B77: sauti ya shangazi imefifia

Swali: Jamani, nimerekodi shangazi akiimba taarabu huku akipiga udi (ala ya nyuzi), kwa Revox B77, mashine ya tepu aliyoniachia marehemu babu, spidi ya sentimita 9.5 kwa sekunde. Anasikika kama yuko nyuma ya pazia. Nimekosea wapi?

Fundi: Hedi chafu hiyo, yaani kile kipande cha mashine kinachogusana na tepu na kunasa sauti. Chovya kijiti cha pamba kwenye alkoholi safi ya isopropili, pangusa taratibu mpaka pamba itoke nyeupe. Halafu tumia spidi 19. Tepu ikienda kasi, sauti nyembamba hunaswa vizuri zaidi.

Msikilizaji: Na maikrofoni usiiweke meza moja na mashine, itanasa mtetemo wa mota.

Muulizaji: Pamba ya kwanza imetoka kahawia kama chai ya rangi! Nimerekodi upya kwa 19. Sasa nasikia hata risha (kipigio) ikigusa uzi wa udi. Ahsanteni mno.