Watoto wengi ndiyo bima ya uzee?

Mdadisi: Wadau, wazee wetu husema "zaa, watakuja kukutunza." Hesabu hiyo bado inasimama? Mwenye watoto wanane anazeeka vizuri kuliko mwenye wawili?

Chanzo: Zamani ilisimama. John Caldwell, aliyetafiti sana Wayoruba wa Nigeria, alieleza mwaka 1976 kwamba pale mali inapotoka kwa watoto kwenda kwa wazazi, kuzaa wengi kuna faida. Shule iligeuza mkondo: mtoto wa kulipiwa ada hachungi mbuzi wala halimi. Kenya ilikuwa na wastani wa watoto 8.1 kwa mwanamke mwishoni mwa miaka ya 1970. Utafiti wa 2022 ulikuta 3.4. Ada ikigawanywa kwa wanane, huenda asipatikane hata mmoja wa kufika kwenye mshahara.

Zamu: Wingi unasaidia kwenye mikono. Mzee aliyepooza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana, asitoke vidonda vya kulalia. Mtu mmoja haiwezi kazi hiyo. Kwenye pesa, wingi huzaa kutegeana: kila mmoja anadhani mwenzake ametuma. Andikeni gharama za mwezi (dawa, chakula, nauli ya kliniki), kila mtu achangie kwa asilimia ya kipato, si sawa kwa sawa, na mfuko wa dharura ukae mbali na matumizi. Dawa ya presha inunuliwe kabla ya iliyopo kuisha. Ajabu ni kwamba mchango wa jeneza haujawahi kukosa watu!

Mdadisi: Na yule anayeishi na mzee, hana kipato?

Zamu: Huyo ameshachanga. Ulizeni msaidizi wa kulipwa angedai kiasi gani, hilo ndilo fungu lake. Apewe na siku za kupumzika, mwingine aje kumpokea, la sivyo atachoka na hasira zitamwishia mzee.

Chanzo: Msisahau pensheni. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa wote wenye miaka 70 na zaidi, kwa kuanzia shilingi 20,000 kwa mwezi. Kwa Kenya kuna Inua Jamii, nayo ni kuanzia miaka 70. Haitoshi kumlea mtu, ila kitambulisho chenye mwaka wa kuzaliwa uliokosewa kinaweza kumkosesha hata hiyo. Kikagueni mapema, kabla hajafika umri huo.