Naomba ushauri: chakula cha kushibisha bila kuongeza kilo

Habari zenu wapendwa, nipo Moshi nataka kupunguza mwili ila njaa ndo inanimaliza. Nikinywa chai na chapati, saa nne tu tumbo linadai tena, lakini nikila kiburu (ndizi zilizopikwa na maharage) au maharage na mchicha nafika mchana bila shida, nadhani ni zile nyuzinyuzi na protini za maharage. Sasa ndizi zetu za kupika nile kiasi gani kwa mlo, na makande usiku bila mafuta mengi ni sawa au niache? Parachichi je, maana lina mafuta na mimi nalipenda kweli. Kushinda njaa siwezi, nasimama sokoni Mbuyuni kutwa nzima. Mliopungua kwa vyakula hivi vya kawaida naombeni mniambie mlikua mnakulaje.