Qadari, fizikia na khiari: jee, kila kitu kimeshafungwa?

Wa_Wete: Assalaam alaykum. Jadweli la maji la bandari ya Unguja hutaja saa na dakika ya maji kujaa kwa mwaka mzima. Jee, ulimwengu wote ndivyo ulivyo, kila tukio limefungwa na lililotangulia, kama alivyodai Laplace, mwanahisabati wa Kifaransa, mwaka 1814? Na ikiwa ndivyo, hiyo ndiyo qadari?

Bamvua: Wa alaykum salaam. Maji hutabirika kwa kuwa mwezi na jua vina mizunguko inayojulikana. Wimbi kuu la mwezi hurudi kila baada ya saa 12 na dakika 25. Hata hivyo kanieneo ya hewa ikishuka milibari 1, bahari huinuka kama sentimita 1, na jadweli halina habari hiyo. Hewa yenyewe, Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa, alionesha mwaka 1963, kanuni zake zinaweza kuwa kamili na tofauti ndogo ya mwanzoni bado ikavuruga utabiri wote. Kufungwa na kutabirika ni mambo mawili, ndugu yangu.

Atomu: Kwenye chembe ndogo hata kufungwa kwenyewe kuna shaka. Sesiamu-137, kitu chenye mnururisho, baada ya miaka 30 hivi, nusu ya atomu zake huwa zimeoza, yaani zimegeuka kuwa atomu za aina nyingine. Ipi itaoza leo? Fizikia ya kwantamu hutoa uwezekano tu. Mwanafizikia Bell mwaka 1964 alionesha namna ya kupima kama kuna sababu iliyofichika, na majaribio ya mwanafizikia Aspect ya 1982 yakazipinga sababu fiche za mahali hapo hapo, yaani zile zisizoweza kuathiri papo hapo kitu kilicho mbali. Sharti hilo la mahali watu hulisahau! Nadharia ya mwanafizikia Bohm ya 1952 imefungwa moja kwa moja na haipingani na majaribio, ila ndani yake chembe huathiriwa papo hapo na nyingine iliyo mbali. Kwa hiyo suala halijakatwa. Tena bahati nasibu haikupi khiari: kitendo kilichozuka bila sababu hukukichagua wewe.

Mwanachuo: Qadari si dai la Laplace. Yeye alisema hali ya jana hulazimisha ya leo. Sisi tunazungumzia elimu na matakwa ya Muumba. Kwa Ash'ari, mwanachuoni wa itikadi ya Kiislamu, moto hauunguzi pamba kwa nguvu yake, Mungu ndiye huumba kuungua. Basi atomu isiyo na sababu ya kimaumbile haiitikisi qadari hata kidogo. Katika makundi ya itikadi, Jabriyya walikana khiari, Muutazila wakasema mja huumba vitendo vyake, Ash'ari akashika katikati: Mungu huumba kitendo, mja hukichuma, yaani kitendo huwa chake na hubeba dhamana yake. Uzito uko hapo kwenye kuchuma, kwani uwezo wa kuchuma nao umeumbwa, na wapinzani wake waliuliza hasa hilo: mja ameongeza nini?