Fedha za nyumbani zinaporudishwa: maana ya R03, R01 na R10

Assalaam alaykum ndugu zangu,

Nilituma ada ya mdogo wangu aliyeko Wete kupitia kampuni ambayo huzikata fedha katika akaunti yangu ya benki hapa Marekani. Leo nimearifiwa kwamba malipo yamerudishwa kwa msimbo R03, na mama alipokwenda kuulizia benki huko Pemba aliambiwa hawana habari yoyote. Naomba anayefahamu anieleweshe kabla sijatuma tena.

Waalaykum salaam dada yetu,

Kwanza mpumzishe mama asirudi benki. Misimbo yenye herufi R na tarakimu mbili ni ya mfumo wa ACH, unaohamisha fedha baina ya benki za Marekani, kwa hiyo kilichokwama kimekwama baina ya benki yako na kampuni hiyo, na karani wa Wete hana mahali pa kukiona, hata awe na nia njema kiasi gani.

R03 maana yake ni kwamba akaunti iliyotajwa haikupatikana, au namba yake haikuoana na jina la mwenyewe. Kagua namba ya akaunti pamoja na ile namba ya benki yenye tarakimu 9, na uhakikishe hukuandika namba ya kadi, kosa ambalo ni jepesi sana kulifanya. Namba ikiwa na kasoro ya umbo, kama vile tarakimu kupungua, msimbo huwa R04.

R01 ni salio kutotosha. Kanuni zinairuhusu kampuni kuyawasilisha malipo hayo tena mara 2 ndani ya siku 180, na kila yanaporudi benki yako yaweza kukutoza ada, kwa hiyo weka fedha kwanza kabla ya kuomba yajaribiwe tena. R02 ni akaunti iliyofungwa; R16 ni iliyozuiliwa.

Ninaloliogopea zaidi ni R10, ambayo hutokea mteja anapoiambia benki yake kwamba aliyekata fedha hamjui au hakumpa idhini. Marejesho mengi hufanyika ndani ya siku 2 za kazi za benki, lakini hapa mteja wa kawaida ana siku 60, kwa sababu haki hii iliwekwa kumlinda aliyeibiwa. Tafadhalini, msiitumie kwa sababu tu fedha zimechelewa kufika Pemba. Benki itakutaka utoe tamko la maandishi lenye saini yako, nalo litakuwa la uongo, na iwapo kampuni imeshamlipa mzee nyumbani, deni linabaki juu yako.

Shukrani kaka. Je, mimi niliyetuma moja kwa moja kwenda benki ya Unguja na kurudishiwa kwa AC01, nami niiache benki ya nyumbani?

Hapana, ndugu yangu. AC01 ni msimbo wa ujumbe wa kimataifa, ule unaopita SWIFT, yaani mtandao wa mawasiliano baina ya benki za nchi mbalimbali, na maana yake ni kwamba namba ya akaunti ya mpokeaji si sahihi. Ingekuwa imefungwa ungeona AC04. Hapo mpokeaji ndiye anayepaswa kwenda tawini, aombe namba kamili na jina kama lilivyoandikwa benki, akuletee uyanakili herufi kwa herufi.