Kupasua nyungunyungu maabara: kuendelee au kufutwe?

Mzee wa Mchicha: Wakuu, kwema? Binti yangu yuko kidato cha tano, PCB, ile kombi ya fizikia, kemia na baiolojia. Kaambiwa kesho aende shule na nyungunyungu wazima, wakubwa, wa kupasua kwenye praktiko. Kanichimbulia tuta zima la mchicha. Ndani ya nyungunyungu kumeshachorwa vitabuni tangu enzi za babu, sasa kuna ulazima gani wa kuua tena? Tujadili kwa hoja.

Mwalimu wa Zamu: Mchoro haumfundishi mtu kushika mkasi. Asiyewahi kupasua atamlaza chali, na mshipa mkuu wa fahamu uko upande wa tumbo, anaukata kabla hajaona kitu. Analazwa kifudifudi kwenye treyi ya nta, unapita mgongoni kijuujuu, unafungua ngozi na kuibana kwa pini. Hapo ndipo unaona ile "mioyo" jozi 5 imeukumbatia umio. Ila nyie wa HKL, watu wa historia, Kiswahili na Kiingereza, haya hamuwezi kuyaelewa, kazi yenu kukariri mashairi.

Binti Sarufi: Mashairi yameingiaje hapa? Mimi ni HKL na kidato cha nne nilipata A ya baiolojia, nilichagua mwenyewe. Na kwa taarifa yako, nyungunyungu ukimkata katikati wanakuwa wawili, kwa hiyo hata hayo mauaji hayapo.

Mwalimu wa Zamu: Hiyo A nani alisahihisha? Kipande cha mbele kinaweza kupona kikaota mkia, cha nyuma kinakufa. Wawili hupati. Asante kwa kunithibitishia.

Kiti cha Nyuma: Shuleni kwetu treyi zilikuwa mbili, darasa limejaa. Mmoja anapasua, wengine tunatazama kisogo chake, kisha tunachora kutoka kitabuni vilevile. Hiyo praktiko au mazishi?

Daktari Mtarajiwa: Sisi tulikuwa na chura. Klorofomu waliibania, akazinduka keshafunguliwa. Wa kwanza kufika mlangoni alikuwa mwalimu 😂

Binti Sarufi: Mwalimu, usikimbie. Nani anakariri? Si nyie mnaoimba majina ya Kilatini usiku kucha, asubuhi mmesahau?

Mzee wa Mchicha: Jamani, mada. Kwani wasionyeshwe kwa video tu?

Mwalimu wa Zamu: Mzee, siku ukiingizwa chumba cha upasuaji, utafurahi kusikia daktari kajifunzia kwenye video?

Mzee wa Mchicha: Kwani nami nitapasuliwa na mtu aliyezoea nyungunyungu? Usiniombee mabaya, kijana. Nimeuliza kwa adabu.

Binti Sarufi: Mwache, mzee. Siku akishtakiwa asihangaike na wakili aliyesoma HKL, aende na nyungunyungu wake wakamtetee.

Mboji na Samadi: Nyungunyungu wapo kwangu, wanono, bei maelewano, wanatoka kwenye mboji. Mashamba ya watu msiyachimbe. Ugomvi wenu sina habari nao, mie nilisoma CBG, kemia, baiolojia na jiografia.

Mwalimu wa Zamu: CBG nayo ni kombi?